Sifa Kumi za 2,147,483,647, Namba Iliyojaza Mashimo 31

Mgeni huulizwa jina kabla ya kuletewa maji, kwa hiyo tuisome kwanza kwa sauti: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukiimaliza kwa pumzi moja, hayo maji kunywa wewe.

Namba hii naipenda, na sina sababu ya kuficha. Wapo wanaopenda timu, wapo wanaopenda taarabu. Mimi nimekaa na tarakimu hizi kumi kwa muda mrefu, na kila nikizirudia zinanipa jambo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mambo yake yote, ya wanahisabati wa karne ya 18 na ya simu iliyo mfukoni mwako, yanatoka mlango mmoja. Andika 2 mara 31, zizidishe zote, kisha toa 1. Basi. Wanahisabati huandika 2³¹ − 1. Sasa tuzihesabu sifa zake kuanzia ya kumi tukishuka mpaka ya kwanza. Nafasi ya kwanza nimempa mtu, na mwishoni utaona kwa nini anastahili.

10. Sifuri, tano na tisa hawakualikwa

Tuanze na sura. Tarakimu kumi, na kati yake 4 imekuja mara tatu, 7 mara mbili, huku 0, 5 na 9 zikiwa hazionekani kabisa. Hiyo ni karamu yenye upendeleo.

Inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri, na 2 haiigawanyi. Haiishii na 0 wala 5, basi 5 naye arudi alikotoka. Jumlisha tarakimu zote upate 46. 46 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo na 3 amekwama. Watatu hao ndio wagawaji hodari kuliko wote mtaani, na wamerudishwa mlangoni kabla hata hawajavua viatu.

9. Imebanwa siti ya kati

Itazame ikiwa imekaa na majirani zake. Kushoto yupo 2,147,483,646, na huyo ni mtu wa watu: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Ukihesabu vigawo vyake vyote unapata 192. Kulia yupo 2,147,483,648, ambaye ukimvunja unakuta 2 tupu, 31 zimefuatana; yeye ana vigawo 32. Katikati, kama abiria wa daladala aliyebanwa na wenye mizigo, imekaa namba yetu yenye vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Namba ya namna hiyo tunaiita tasa.

Kuna namba tasa zenye pacha, yaani zinazopishana kwa 2, kama 11 na 13, au 29 na 31. Yetu haina. Ukirudi nyuma hatua mbili unakuta namba inayoishia na 5, na ukienda mbele hatua mbili unakuta 3 × 715,827,883. (Hiyo 715,827,883 yenyewe ni tasa pia, lakini tusivutwe na shamba la jirani.) Tasa ya karibu upande wa nyuma ni 2,147,483,629, hatua 18, ya mbele ni 2,147,483,659, hatua 12. Na ukizipanga tasa zote foleni kuanzia 2, 3, 5, 7, namba yetu inasimama nafasi ya 105,097,565. Foleni ya zaidi ya milioni 105 na hakuna aliyemsukuma mwenzake.

8. Bao limejaa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Tuliazime kwa hesabu, wachezaji watuwie radhi. Shimo la kwanza weka kete moja. La pili weka mbili, la tatu nne, la nne nane, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Kete 64 za bao la kawaida zinakwisha mapema: ukijaza mashimo sita umetumia 63, na moja imebaki mkononi inakutazama.

Sasa tuseme kete hazikuishii. Endelea mpaka shimo la 31. Shimo hilo peke yake lina kete 1,073,741,824, na jumla ya mashimo yote 31 ni 2,147,483,647 kamili. Limebaki shimo moja tupu, la 32, ambalo lingepokea 2,147,483,648: kete moja zaidi ya zote ulizokwisha kuweka.

Kompyuta huandika namba hivyo hivyo. Kila shimo ni biti. Ama lina kete zake, ama ni tupu, yaani 1 au 0. Kwa kizio cha mbili namba yetu huandikwa 1 mara 31 mfululizo, bila sifuri hata moja: mashimo 31 yamejaa. Kwa miaka mingi kompyuta zilitenga biti 32 kwa kila namba nzima. Biti 31 zilibeba ukubwa wa namba, na biti ya 32 ilisema kama namba ni chanya au hasi. Ndiyo maana kubwa kuliko zote inayoweza kuingia ni hii hii. Ongeza 1 uone: mashimo yote 31 yanamwagika kuwa matupu, na kete moja inaangukia shimo la 32, lile la alama. Kompyuta inasoma hasi 2,147,483,648. Tajiri amekuwa mdaiwa kwa kuongezewa shilingi moja.

Na kama ungejaza mashimo yote 32? Ungepata 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Hizo tano ni tasa ziitwazo za Fermat, na mpaka leo hakuna ya sita inayojulikana. Carl Friedrich Gauss alionyesha mwaka 1796 kwamba umbo la pande sawa 17 linachoreka kwa rula na bikari tu. Kwa kanuni hiyo hiyo, umbo la pande sawa 4,294,967,295 nalo linachoreka, na miongoni mwa yenye idadi witiri ya pande ndilo kubwa kuliko yote tunayojua. Anayetaka kulichora aanze mapema, na bikari aichonge vizuri.

7. Wanachama wote, simu moja

Miaka ya nyuma niliitwa kuangalia orodha ya kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Programu waliyotengenezewa ilikuwa imemeza namba za simu za wanachama wote, na ilipozitema, kila jina lilikuwa na simu hii: 2147483647. Mama mweka hazina alivaa miwani, akapitisha kidole ukurasa mzima kutoka juu mpaka chini, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtu mmoja amejiandikisha mara zote hizi, na mkopo je?"

Nilimjibu, "Shikamoo mama, huyu hakopi. Huyu ni ukuta."

Jambo lenyewe ni dogo. Namba ya simu ya Tanzania ikiandikwa na 255 mbele ina tarakimu 12, yaani ni zaidi ya bilioni 255. Aliyeunda ile programu alitenga nafasi ya biti 32. Kila simu ilipofika mlangoni ikaonekana kubwa mno, na hifadhidata, badala ya kulalamika, ikaikata mpaka kiwango cha juu inachokijua. Bilioni 255 zikawa bilioni mbili na ushei, kwa kila mtu, bila ubaguzi. Wanachama walilazimika kuleta simu zao upya, na wengine walitoka mbali.

Marekani jambo hili lina kichekesho cha ziada, kwa sababu simu zao zina tarakimu kumi, na 214 ni msimbo wa Dallas, Texas. Kwa hiyo ukuta huo husomeka kama simu halali ya mkazi wa Dallas. Ombi langu kwa vijana wanaoandika programu: namba ya simu ni maandishi. Hakuna aliyewahi kujumlisha simu ya mjomba na ya shangazi akapata faida.

6. Farasi wa Psy

Julai 2012 mwanamuziki wa Korea Kusini, Psy, alitoa video ya "Gangnam Style", yule anayecheza kama amepanda farasi asiyeonekana. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa video ya kwanza YouTube kutazamwa mara bilioni moja. Desemba 2014 YouTube wakatangaza kwamba imepita 2,147,483,647, kiwango ambacho walipoanza hawakudhani video yoyote ingekifikia. Kihesabio kikahamishiwa biti 64, na ukomo mpya ukawa 9,223,372,036,854,775,807. Bao liliongezwa mashimo kwa ajili ya farasi.

Wachezaji wa RuneScape, mchezo wa kompyuta, wao wanaufahamu ukuta huu tangu zamani: lundo moja la sarafu haliruhusiwi kupita 2,147,483,647. Bakhili wa mchezoni naye ana mwisho wake.

5. Inachanganya karata

Kompyuta haina kete za kurusha. Ukitaka ikupe namba za kubahatisha, ni lazima uifundishe hila. Mwaka 1951 Derrick Lehmer alipendekeza hila nyepesi sana: chukua namba, izidishe kwa kiwango fulani, igawe kwa namba kubwa uliyoichagua, kisha utunze baki. Baki hiyo ndiyo namba yako, na ndiyo utakayoizidisha tena. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kipimo cha chini ambacho kila mtu angeweza kukitumia: zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647.

Tufanye pamoja. Anza na 1. Mara 16,807 ni 16,807. Ni ndogo, inabaki yenyewe. Mara 16,807 tena: 282,475,249. Bado haijafika. Mara 16,807 tena unapata 4,747,561,509,943. Gawa, na baki ni 1,622,650,073. Mzunguko unaofuata: 984,943,658. Umeona mpangilio wowote? Hauonekani, na hapo ndipo utamu ulipo.

Sasa sikiliza hili. Ukiendelea hivyo, utapita kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo urudi kwenye 1. Ni kama mtu aliyechanganya karata bilioni mbili na zaidi, akazigawa zote, asirudie hata moja. Inawezekana kwa sababu namba yetu ni tasa, na kwa sababu 16,807, ambayo ni 7 × 7 × 7 × 7 × 7, imechaguliwa kwa makini. Usiitumie kwa nywila wala kwa fedha, maana anayeijua baki moja anazijua zote zinazofuata. Kwa mchezo wa watoto na majaribio madogo inatosha.

4. Jumanne moja ya Januari

Kompyuta nyingi hutunza saa kwa kuhesabu sekunde tangu saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Kwa mashine zinazohesabu kwa biti 32, safari ina mwisho, na mwisho huo unajulikana mpaka sekunde yake. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku 18 na ushei. Kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi, zitatimia Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Chai iko jikoni, watoto wanatafuta soksi.

Sekunde moja baadaye, mashine ambayo haikurekebishwa itamwaga mashimo yake 31, kete itaangukia kwenye shimo la alama, na kalenda itasoma Ijumaa, 13 Desemba 1901, karibu saa sita usiku. Mwezi huo ndio reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu. Kwa mujibu wa mashine hiyo, mkopo wako haujakopwa, kiwanja chako hakijapimwa, na babu yako pengine hajazaliwa.

Simu na kompyuta za siku hizi nyingi zimehamia biti 64, na sekunde zake zinatosha kwa miaka kama bilioni 292. Hao wacha walale. Wasiwasi upo kwenye vitu vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa, vyenye kompyuta ndogo ya zamani ndani, ambavyo hakuna anayekumbuka ni nani alivifunga. Taasisi inayonunua mtambo wa kudumu miaka 15 au 20 inanunua leo kitu kitakachoiona Jumanne hiyo. Muuzaji aulizwe kabla hajalipwa.

3. Babu, baba, mwana

Ukoo huu ni wa ajabu. Babu ni 5, namba tasa. Zidisha mbili tano zenyewe kwa zenyewe, toa 1, unapata 31: tasa. Zidisha mbili 31, toa 1, unapata 2,147,483,647: tasa. Vizazi vitatu mfululizo. Tasa zilizozaliwa hivyo, na ambazo kipeo chao (idadi ya zile mbili zinazozidishwa) nacho kilizaliwa hivyo, zinajulikana nne tu: 7, 127, yetu, na 2¹²⁷ − 1.

Kitukuu ndiye aliyevunja mwiko. Mbili zikizidishana mara 2,147,483,647, ukatoa 1, unapata namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646. Kiumbe hicho hakijaandikwa kwenye karatasi yoyote, lakini kimeshashikwa: kinagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Na kigawo hicho chenyewe kina sura ya nyumbani, kwani ni 137,490 × 2,147,483,647, ukiongeza 1. Mtoto hatoroki damu.

Namba za aina hii zina jina la Marin Mersenne, mtawa wa Paris. Zina mtego wake. Kipeo kikiwa si tasa, zoezi limeharibika tangu mwanzo. Lakini hata kikiwa tasa huna uhakika: 2¹¹ − 1 ni 2,047, na hiyo ni 23 × 89. Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya vipeo alivyosema vinafaa mpaka 257. Alitaja 67 na 257, kumbe havifai. Akaacha 61, 89 na 107, kumbe vinafaa. Kuhusu 31 alipatia. Mtu akipatia bila kuonyesha kazi yake, mwalimu wa hisabati humpa alama ngapi? Dunia ilisubiri miaka 128 kuiona hiyo kazi. (Na 128 yenyewe ni mbili saba zilizozidishana. Hata kusubiri kulifuata ukoo.)

2. Tasa iliyozaa

Kiswahili kiliipa namba hii jina gumu. Tasa ni asiyezaa. Hapa lugha imeteleza, maana yetu ina mwana, na mwana huyo ni mkamilifu.

Namba kamilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unairudia. Mfano, 6: vigawo vyake ni 1, 2 na 3, jumla 6. Inayofuata ni 28: 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alionyesha kwamba ukiwa na tasa ya namna yetu unaipata namba kamilifu papo hapo: 3 × 2 ni 6, 7 × 4 ni 28, 31 × 16 ni 496. Kwa yetu unazidisha na shimo la mwisho la lile bao letu, 1,073,741,824, na unapata 2,305,843,008,139,952,128. Tarakimu 19, kamilifu ya nane tangu dunia ianze kuzihesabu.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo itakuwa kamilifu kubwa kuliko zote zitakazopatikana milele, kwa kuwa hazina matumizi na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Bwana Barlow, ulikuwa mwanahisabati mzuri, lakini watu hukuwafahamu! Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha tasa ya Mersenne yenye tarakimu 39. Mwaka 1883 padri mmoja wa Urusi, Ivan Pervushin, alithibitisha kipeo cha 61 ambacho Mersenne alikiacha, na kamilifu nyingine ikazaliwa. Mwaka 2024 ilipatikana tasa ya Mersenne ya 52 kati ya zinazojulikana, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Nayo ina kamilifu yake. Watu wanajisumbua, Bwana Barlow, na wanajisumbua kwa furaha.

1. Mzee wa Saint Petersburg

Nafasi ya kwanza ni ya Leonhard Euler.

Mwaka 1772 alikuwa Saint Petersburg, na umri wake umevuka miaka 64. Jicho la kulia lilikwisha kupoteza nuru siku nyingi. La kushoto nalo lilizibwa na mtoto wa jicho, na upasuaji haukumsaidia kwa muda mrefu. Alikuwa karibu haoni kabisa. Alifanya hesabu kichwani, wasaidizi wakaandika. Katika hali hiyo, kwa barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo wa wanahisabati wa Bernoulli, aliieleza dunia kwamba 2,147,483,647 ni tasa.

Fikiria kazi yenyewe. Ili kuthibitisha kwamba namba ni tasa, unajaribu kuigawa kwa tasa zote mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Tasa za kujaribu ni zaidi ya 4,700. Kila moja ni mgawanyo mrefu wa namba ya tarakimu kumi. Kijana mwenye macho mawili na taa nzuri angeomba ruhusa ya kwenda msalani na asirudi.

Euler alianza kwa kuwauliza wagawaji vitambulisho. Alijua kwamba kigawo chochote cha namba hii, kama kipo, ni lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 31, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Rudi kwa 2,047 uhakikishe: vigawo vyake 23 na 89, ukivigawa kwa 11 vyote vinabakiza 1, kwa 8, cha kwanza kinabakiza 7 na cha pili 1. Sheria ni ile ile. Kwa namba yetu, masharti hayo mawili yanaacha wagombea wa aina mbili tu: wanaobakiza 1 wakigawanywa kwa 248, na wanaobakiza 63. Mpaka 46,340 wapo 373. Na kati ya hao wengi wanaanguka wenyewe kwa kuwa si tasa: 63 ni ya 3 na 7, 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71. Mlima umekuwa kichuguu.

Dawa ya aina hii aliwahi kuitumia. Mwaka 1732, akiwa kijana, alivunja dai la mwanahisabati Fermat kwamba 4,294,967,297 ni tasa, kwa kuonyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Safari ile alitafuta kigawo akakipata. Safari hii alitafuta kigawo, na ushindi ulikuwa ni kutokipata, mgombea mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Hilo la pili linahitaji subira ya namna nyingine, na yeye alikuwa nayo gizani. Kwa zaidi ya miaka 75 baada ya hapo, hakuna aliyeonyesha tasa kubwa kuliko hiyo.

Msomaji, kazi yake inajaribika mezani kwako leo, bila kompyuta. Chukua kalamu na karatasi. Mgombea wa kwanza aliye tasa ni 311: gawa 2,147,483,647 kwa 311, utapata 6,905,092, baki 35. Anayefuata ni 1,303: utapata 1,648,107, baki 226. Wa tatu mtafute mwenyewe.